Kadi ya kliniki na hesabu ya chanjo ya rota

Katika zahanati moja ya kando ya ziwa, wilayani Ilemela, Mwanza, siku ya kliniki ya watoto huanza kabla jua halijapanda juu ya mawe. Akina mama hukaa kwenye benchi refu kwa zamu, kadi mkononi, na mtoto aliyefikisha wiki 6 hupata mambo mengi kwa siku moja: matone ya polio, sindano ya pentavalenti, ile ya kukinga magonjwa matano, paja moja, sindano ya nimonia paja la pili, na kimiminika cha mililita 1.5 ambacho nesi hukisukuma taratibu ndani ya shavu ili mtoto asikiteme. Hiyo ya mwisho ndiyo chanjo ya virusi vya rota. Asubuhi niliyokaa pale, mama mmoja aliyemleta mwanawe wa miezi 9 kwa ajili ya chanjo ya surua alimwambia nesi kwa sauti ya kulalamika, "Dada, mlituambia akipata yale matone ya rota hataharisha. Juzi kaharisha siku tatu mfululizo mpaka macho yameingia ndani." Nesi aliichukua kadi, akamwonyesha tarehe mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu, akamuuliza kama alimpa ORS, yale maji ya chumvi na sukari, na vidonge vya zinki. Lile lalamiko lenyewe hakulijibu, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika nje ya mlango.

Sidhani kama nesi alikwepa. Jibu la kweli lingemchukua nusu saa, kwa sababu ndani ya lalamiko la mama yule mlikuwa na maswali ambayo wataalamu wa takwimu wameyahangaikia kwa miaka mingi: tunajuaje kwamba chanjo imezuia ugonjwa ambao, kwa kuwa umezuiwa, hakuna aliyeuona? Na tunajuaje kwamba haikuleta madhara, ilhali watoto wa umri ule huugua hili na lile kila wiki, wawe wamechanjwa au hawajachanjwa?

Virusi vya rota vilitambuliwa mwaka 1973 huko Melbourne na Ruth Bishop pamoja na wenzake, walipotazama kwa hadubini ya elektroni sampuli za utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha. Jina la virusi hivyo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Karibu kila mtoto duniani, awe amezaliwa Igogo, hapa Mwanza, au London, huambukizwa navyo kabla ya kutimiza miaka 5, jambo linalowashangaza wengi waliozoea kuamini kwamba kuhara ni ugonjwa wa maji machafu peke yake. Tofauti kati ya Igogo na London ni mwisho wa ugonjwa, kwamba mtoto atapata dripu kwa wakati au hatapata. Ambukizo la kwanza kwa kawaida ndilo kali kuliko yote, na yanayofuata huwa mepesi zaidi, hivyo kazi ya chanjo ni kusimama mahali pa ambukizo lile la kwanza bila kumuumiza mtoto. Kwa maneno mengine, ahadi ya chanjo ilikuwa ndogo kuliko ile aliyoisikia mama pale kliniki. Chanjo hupunguza uwezekano wa mtoto kulazwa au kufa kwa kuishiwa maji kunakosababishwa na rota. Kuhara kunakoletwa na virusi vingine, kama norovirusi, adenovirusi na astrovirusi, au na bakteria haikugusi kabisa, na kwa macho ya mzazi, na hata ya daktari, kuhara kote huko hufanana.

Kwa sababu hiyo ufuatiliaji wa chanjo hii huanzia kwenye kinyesi. Katika hospitali zilizochaguliwa kuwa vituo vya ufuatiliaji, mtoto wa chini ya miaka 5 anayelazwa kwa kuharisha ghafla huandikwa, choo chake huchukuliwa ndani ya saa 48 tangu alazwe, na maabara huipima sampuli kwa kipimo ambacho hubadilika rangi pale virusi vya rota vinapokuwamo. Kikomo cha saa 48 kina sababu yake, kwani virusi hivi huenea kwa urahisi wodini, na mtoto aliyelazwa kwa jambo jingine anaweza kuvipata hapohapo hospitali akaja kuhesabiwa kama aliyetoka navyo nyumbani. Ukali wa ugonjwa nao hupimwa kwa alama: mara ngapi kaharisha, katapika siku ngapi, joto limefika wapi, kaishiwa maji kiasi gani. Jumla ya juu ni alama 20, na kuanzia 11 ugonjwa huitwa mkali. Mwanza ina bahati katika hili. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyo juu ya kilima chake tangu 1971, hupokea watoto kutoka mikoa yote ya Kanda ya Ziwa, na mwaka 2012, kabla ya chanjo kuanza kutolewa nchini, watafiti wa hapa walikwisha kuchapisha utafiti kuhusu rota kwa watoto wenye kuharisha jijini. Bila picha ya kabla, picha ya baada haina cha kulinganishwa nacho.

Tanzania iliizindua chanjo hiyo Desemba 2012 na kuanza kuitoa kwa watoto wote mwaka 2013, dozi mbili, wiki ya 6 na wiki ya 10. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo kazi ni nyepesi, kwamba inatosha kuhesabu watoto wanaolazwa kwa kuharisha kabla na baada, kisha kutoa hesabu moja kwenye nyingine. Lakini chanjo ya nimonia ilianza wakati uleule, zinki na ORS zilikuwa zikienea, miradi ya maji ilikuwa ikichimbwa, na virusi vyenyewe hupanda na kushuka mwaka kwa mwaka hata pasipo chanjo. Mwaka mmoja wa afueni hauthibitishi chochote, na ndiyo maana wafuatiliaji hutaka miaka kadhaa kabla na miaka kadhaa baada, hospitali ileile, kwa utaratibu uleule wa kuchukua sampuli.

Hata takwimu zikikusanywa vizuri, asilimia zina ujanja wake. Tuchukue mfano wa kubuni. Wodi inalaza watoto 100 wenye kuharisha kwa mwaka, 40 kati yao wana rota na 60 wana visababishi vingine. Baada ya chanjo, ripoti inasema sehemu ya rota imeshuka kutoka asilimia 40 hadi 20. Msomaji wa haraka husema ugonjwa umepungua kwa nusu. Lakini ikiwa wale 60 wa visababishi vingine wamebaki 60, basi rota kuwa asilimia 20 maana yake ni kwamba sasa wako 15 tu, na kutoka 40 hadi 15 ni upungufu wa zaidi ya asilimia 60. Mtego huohuo una upande wa pili: katika wodi hiyohiyo, sehemu ya norovirusi itaonekana imepanda, na kuna watakaosema chanjo imefukuza kirusi kimoja na kuleta kingine, ilhali huenda hakuna hata mtoto mmoja aliyeongezeka. Katika nchi kadhaa norovirusi imekuwa kisababishi kikuu cha kuhara kwa watoto baada ya chanjo ya rota kuenea, na mara nyingi maana yake ni kwamba wa kwanza ameondoka kwenye nafasi yake.

Mtego mwingine ndio uliomnasa mama wa Ilemela, na nimewahi kuusikia hata kwa watu wa afya. "Wengi wa watoto waliolazwa kwa rota walikuwa wamechanjwa." Kauli hiyo inaweza kuwa kweli kabisa na isiseme lolote baya juu ya chanjo. Chukua kata yenye watoto 1,000 ambao 950 wamechanjwa na 50 hawakuchanjwa. Tuseme katika wasiochanjwa 10 katika kila 100 wataugua sana, na katika waliochanjwa 4 katika kila 100. Wasiochanjwa watakaolazwa ni 5, na waliochanjwa ni 38. Ukipita wodini utakuta karibu 9 kati ya kila 10 wana alama za chanjo kwenye kadi zao, na bado chanjo imepunguza hatari kwa asilimia 60, ikawaacha nyumbani watoto 57 ambao wangelala kwenye vitanda vile. Hao 57 hawana majina. Mmoja wao anaweza kuwa mtoto wa mama yule wa kliniki, na mama hatajua, wala nesi.

Njia inayotumika sana kuutegua mtego huu ni rahisi kwa namna inayopendeza. Watoto wote waliolazwa kwa kuharisha hupimwa rota, kisha walio na rota hulinganishwa na wasio nayo kwa kuangalia kadi zao. Wote walikuwa wagonjwa, wazazi wao wote waliamua kuwaleta hospitali ileile, wengi wanatoka mitaa ileile, hivyo tofauti za kipato na umbali, ambazo huvuruga tafiti nyingi, hupungua. Ikiwa katika watoto 200 wasio na rota, 180 wamechanjwa na 20 hawakuchanjwa, uwiano ni 9 kwa 1, na huo unatuonyesha hali ya chanjo katika jamii wanayotoka. Ikiwa katika 100 wenye rota, 75 wamechanjwa na 25 hawakuchanjwa, uwiano ni 3 kwa 1. Tatu ni theluthi ya tisa, basi chanjo imezuia theluthi mbili ya ugonjwa uliofikisha watoto hospitali. Hesabu nzima inategemea tarehe mbili za kalamu ya bluu.

Ufanisi wenyewe hutofautiana kwa mahali, na hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani limeelezwa vibaya mara nyingi. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Malawi, na matokeo yake kuchapishwa 2010, chanjo ilizuia asilimia 77 ya kuhara kukali kwa rota Afrika Kusini lakini asilimia 49 tu Malawi, wakati nchi tajiri zilikuwa zikipata asilimia 85 na zaidi. Sababu zinazotajwa ni nyingi, zikiwamo kinga anayoipokea mtoto kutoka kwa mama, matone ya polio yanayotolewa siku hiyohiyo, utapiamlo, na hali ya utumbo wa mtoto anayekutana na vijidudu vingi mapema. Wengine walizisoma takwimu hizo na kusema chanjo ni ya Wazungu, kwetu inafanya kazi nusu. Lakini rota ilikuwa nyingi zaidi Malawi, kiasi kwamba kwa kila watoto 100 waliochanjwa chanjo ilizuia matukio makali 6.7 kwa mwaka, ikilinganishwa na 4.2 Afrika Kusini. Nusu ya mzigo mkubwa ilizidi robo tatu ya mzigo mdogo. Anayejua hesabu ya soko la dagaa la Kirumba haelezwi jambo hili mara mbili.

Upande wa usalama una historia yenye uchungu. Agosti 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya rota, iitwayo RotaShield. Katika majaribio yaliyotangulia, watoto 5 kati ya 10,054 waliochanjwa walipata tatizo la utumbo kuingiliana, na 1 kati ya 4,633 waliopewa kimiminika cha kulinganishia kisicho na chanjo, tofauti ndogo ambayo ingeweza kuwa ya bahati tu. Tatizo hilo ni la hatari: sehemu moja ya utumbo huingia ndani ya sehemu inayofuata, kama mkono wa shati uliovuliwa ukajikunja ndani, damu ikazuiwa kupita, na mtoto akalia kwa vipindi huku akikunja miguu, akatapika, kisha akatoa choo chenye kamasi na damu. Asipofika kwa daktari wa upasuaji kwa wakati anaweza kufa. Kufikia Julai 1999 mfumo wa Marekani wa kupokea taarifa za matukio baada ya chanjo ulikuwa umepokea taarifa 15 za namna hiyo. Utoaji ulisimamishwa, uchunguzi ukafanyika, na Oktoba mwaka huo mtengenezaji akaiondoa sokoni. Makadirio yaliyokubaliwa baadaye ni kama tukio 1 la ziada kwa kila watoto 10,000 waliochanjwa.

Mfumo ulifanya kazi yake, hilo halina ubishi. Hata hivyo nchi ambako rota ilikuwa ikiua zilibaki bila chanjo yoyote hadi mpya zilipokuja 2006, baada ya majaribio mawili yenye watoto zaidi ya 60,000 kila moja, ukubwa uliopangwa makusudi ili tatizo la utumbo lisijifiche tena. Mwaka 2000 watoto waliokufa kwa rota duniani walikadiriwa kuwa 528,000. Hatari ya 1 kwa 10,000 ilikuwa kubwa mno kwa mtoto wa Marekani, ambaye rota ilimlaza hospitali lakini ilimuua kwa nadra sana. Kama mizani ingewekwa Ukerewe, ingelala upande mwingine, na sina hakika kwamba mtu yeyote wa Ukerewe aliulizwa.

Chanjo mpya nazo zilifuatiliwa, na Australia, Mexico na Marekani ziligundua hatari ndogo sana ya tatizo lilelile, tukio moja hadi sita hivi kwa kila watoto 100,000. Afrika ilihitaji jibu lake, na nchi saba, Tanzania ikiwamo pamoja na Kenya, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Ghana na Ethiopia, zilikusanya taarifa za watoto wenye utumbo kuingiliana kisha kuzichapisha 2018. Njia waliyoitumia inahitaji maelezo. Utumbo kuingiliana hutokea pia kwa watoto wasiochanjwa, hasa kati ya miezi 4 na 7, na hakuna daktari anayeweza kumtazama mtoto mmoja mezani akasema hili limeletwa na chanjo. Kinachowezekana ni kuuliza matukio yameangukia siku zipi. Kama chanjo haina hatia, matukio yatatawanyika kufuata umri wa mtoto bila kujali tarehe ya dozi. Kama ina hatia, yatarundikana katika siku chache baada ya dozi. Hapa kila mtoto hulinganishwa na yeye mwenyewe, wiki ile moja dhidi ya siku zake nyingine, hivyo haijalishi kama kazaliwa katika familia tajiri au maskini, mjini au kisiwani. Kati ya watoto 717 ambao hali yao ya chanjo ilithibitishwa, ni 1 tu aliyeangukia ndani ya siku 7 baada ya dozi ya kwanza, na 5 ndani ya siku 7 baada ya dozi ya pili. Mrundikano haukuonekana.

Nina shaka moja, si na hesabu bali na mlango wake. Aliyehesabiwa ni mtoto aliyefika hospitali. Aliyefia ndani ya mtumbwi kati ya kisiwa na bara hakuandikwa popote. Njia yenyewe huvumilia upungufu huo kwa kadiri kwamba aliyeugua wiki ya chanjo na aliyeugua wiki nyingine wana nafasi sawa ya kukosa usafiri, na kwa kawaida hilo ni kweli, kwani ziwa halijui tarehe ya dozi.

Visiwa ndivyo vinavyonikumbusha pia ule uamuzi wa kikomo cha umri. Kwa kuhofia utumbo, awali ilishauriwa dozi ya kwanza isitolewe baada ya wiki 15, wala ya mwisho baada ya wiki 32. Anayeishi Nyamagana, mjini Mwanza, anaweza kutii. Familia ya mvuvi inayohama na dagaa, leo Ukara, mwezi ujao kambi nyingine, humfikisha mtoto kliniki akiwa na miezi 5, na kwa kanuni ile angerudishwa bila chanjo. Makadirio yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kwamba kuondoa kikomo katika nchi maskini kungeokoa watoto 47,200 zaidi kwa rota, na kungeweza kusababisha vifo 294 zaidi vya utumbo kuingiliana. Januari 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mpya kuwa mtoto aliyechelewa achanjwe, huku likiendelea kuhimiza dozi zianze mapema. Nambari hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Anayetaja 47,200 peke yake anauza chanjo, na anayetaja 294 peke yake anauza hofu.

Huku chini, ufuatiliaji wa usalama haufanani na majarida. Ni mzazi kurudi kliniki na kusema mtoto amebadilika tangu jana, na mhudumu kujaza fomu ya taarifa iendayo ngazi ya wilaya, kisha kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambako matukio huchunguzwa kuonekana kama yametokana na chanjo yenyewe, na ubora wake, na makosa ya utoaji, na wasiwasi wa anayechanjwa, au yameangukia siku ileile tu kwa bahati. Kundi hili la mwisho ndilo gumu kumweleza mzazi. Hapa kwetu wapo wanaoamini kuhara na homa za mtoto wa miezi 5 huletwa na kile kiitwacho meno ya plastiki, yaani uvimbe kwenye ufizi, na wengine wamempeleka mtoto kwa mtu wa kuyang'oa kwa chuma kisicho safi, kwa kuwa ufizi ulivimba wiki ileile aliyoharisha. Anayelaumu ufizi na anayelaumu matone wanatumia hoja moja: kimetangulia, basi kimesababisha. Na kwa kuwa chanjo, meno, chakula cha kwanza cha ziada na kutambaa kwenye vumbi vyote hukutana katika nusu ile ya mwaka, hakuna upungufu wa vitu vya kulaumu.

Fomu hizo hazijazwi za kutosha. Mhudumu mmoja aliniambia wazi kwamba aliogopa kuulizwa amekosea nini, na hofu hiyo naielewa, lakini tukio lisiloandikwa humdhuru hata mhudumu aliyefanya kazi vizuri, kwa maana uvumi huandikwa haraka kuliko fomu.

Niliporudi Ilemela wiki kadhaa baadaye, benchi lilikuwa na mama kijana aliyetoka Ukerewe kwa meli, mtoto wake wa miezi 7 akiwa amelegea kwa kuharisha, utosi umebonyea. Nesi alimwandikia rufaa kabla ya kumaliza kumsikiliza, akamchanganyia ORS kwenye kikombe, kisha akauliza kadi. Ilikuwa imelowa maji ziwani. Ukurasa wa chanjo ulikuwa umeshikana, na ulipobanduliwa, wino wa bluu ulikuwa umesambaa hadi tarehe hazisomeki. Mama alikumbuka sindano, alikumbuka matone, hakukumbuka mara ngapi. Nesi aliandika kwenye rufaa, mahali pa chanjo ya rota, "haijulikani", na mtoto akapandishwa bajaji kwenda hospitali.

Sampuli yake ikichukuliwa na kuonekana ina rota, atatibiwa kama wengine. Lakini katika kutafuta kama chanjo imefanya kazi hataingia upande wa waliochanjwa wala upande wa wasiochanjwa, mpaka mtu apige simu katika kituo alikochanjwa, kule kisiwani, na kumwomba mhudumu wa huko afungue daftari atafute jina lake.